Mjadala: Nguzo za makaburi ya Tongoni zilizoanguka, zisimamishwe upya au ziachwe zilivyo?

Watu wa Tanga, kuna wazo linazungumzwa: nguzo zilizoanguka kwenye makaburi ya Tongoni zijengwe tena kwa saruji, wageni wapate cha kutazama. Mimi napinga, tena kwa nguvu zote. Karibuni tubishane kwa hoja.

Kwa wasiofika, Tongoni ni mji wa kale wa Waswahili, karne ya 14 na 15, kando ya bahari kwenye njia ya Pangani. Pana msikiti na makaburi yapata 40. Pwani nzima ya Afrika Mashariki hupati pengine penye makaburi mengi ya nguzo, yaani yenye mnara wa mawe uliosimamishwa kaburini, mahali pamoja kama hapa.

Ukiinama kwenye nguzo iliyolala utaona vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa, na vishimo vya duara vilimopachikwa vibakuli vya kauri vilivyokuja na vyombo vya baharini kutoka ng'ambo. Vibakuli vyenyewe havipo tena. Sasa paka saruji hapo. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na inazuia unyevu kutoka. Chumvi ya bahari inajikusanya ndani ya jiwe na kulimega kidogo kidogo. Fundi atasifiwa, na baada ya masika kadhaa plasta itakuwa nzima huku jiwe la wazee linageuka unga nyuma yake.

Najua vijana wanaotembeza wageni watasema: mbona Kaole, kule Bagamoyo, nguzo imesimama na watu wanakwenda, sisi tunaonyesha rundo la mawe? Wana haki, wanatafuta riziki. Lakini kazi ya haraka ni kuokoa kilichobaki wima: chokaa ya kuchoma kwenye nyufa, miti inayopasua kuta kwa mizizi iondolewe, maji ya mvua yapewe njia. Hilo likishindikana, hata hicho kidogo cha kuonyesha kitakwisha.

Tena magofu kama haya yana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mtu hajiamulii tu na toroli lake la mchanga. Na wapo wanaokwenda pale na ubani na nadhiri zao. Wao wanazuru wafu, hawaendi kupiga picha. Katika mazungumzo yote haya sijasikia wakitajwa.

Anayetaka nguzo zisimame anijibu: kwa chokaa au kwa saruji? Nani atasimamia mafundi? Na wazee wa Tongoni wameshaulizwa?