Lundo la mboji halipati joto: lirekebishwe vipi kabla ya mvua za Desemba?

Mkulima wa Kongwa

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninalima mahindi na mtama wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, katika udongo mwekundu ambao ukinyeshewa leo na kupigwa jua kesho huganda juu kama tofali, hata mche wa mtama hushindwa kutoboa. Nimeamua kuurutubisha kwa mboji. Tangu Julai nimerundika mabua ya mahindi, maganda ya karanga na majani makavu, nikachanganya na samadi kidogo ya mbuzi. Sasa ni Septemba, na nikichimbua katikati ya lundo nakuta mabua bado ni makavu na ya njano, hayana harufu wala joto. Naomba kujua kinachokosekana, na kama mboji hiyo itafaa kuwekwa shambani msimu huu hata isipoiva.

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu Mkulima, pole na hongera kwa kuanza mapema. Lundo lako limekosa maji na malighafi mbichi. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabua wanahitaji kaboni na naitrojeni kwa pamoja, na kazi huenda vizuri mchanganyiko unapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua makavu peke yake huwa na kaboni inayopita mara 2 ya kiasi hicho. Kwa hiyo livunje lundo lote, uyakatekate mabua kwa panga yawe mafupi kama urefu wa kidole, kisha uyapange upya kwa tabaka: mabua, majani mabichi ya mlusina, mlonge au kunde, halafu samadi, na kila tabaka ulinyunyizie maji kabla ya kuweka la juu yake. Maji yakimwagwa juu ya lundo lililokwisha kupangwa hupita pembeni na katikati hubaki pakavu.

Chukua konzi moja ya mchanganyiko uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Lundo lisipungue mita 1 kwa upana na kwa kimo, la sivyo joto hutoroka. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati na uichomoe baada ya siku chache. Ikitoka na joto la kukufanya uiachie, uozaji umeanza. Joto likifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi na likadumu kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa. Likishuka, geuza lundo ili la nje liingie ndani.

Mama Manyoni

Shikamoo Bwana Shamba. Maelezo yako ni sahihi, lakini Septemba huku kwetu maji ni ya kubebwa kwa ndoo, na lundo lililo juu ya ardhi hukaushwa na upepo kabla halijapata joto. Ndugu yangu wa Kongwa, chimba shimo chini ya mti wenye kivuli, kina kisizidi mita 1, upange tabaka humo na kufunika kwa nyasi na udongo kidogo. Tumia pia takataka za zizini zilizolowa mkojo wa mbuzi, kwa kuwa zina naitrojeni na unyevu kwa pamoja, nasi wafugaji huzitupa bure. Mvua zikianza, usitengeneze mboji nyingine shimoni, maana maji yatatuama na itanuka badala ya kuoza vizuri.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba, Mama Manyoni. Shimo ndilo jibu kwa Dodoma, na ningalipaswa kuanza nalo.

Kuhusu mboji isiyoiva, tafadhali usiiweke kwenye shimo la mbegu. Mabua yaliyooza nusu huendelea kuoza ardhini, na bakteria hao huchukua naitrojeni ileile ambayo mche unaihitaji, ndipo unapoona mahindi machanga yamegeuka njano. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi, inanukia udongo, wala huwezi kutambua bua ni lipi. Ambayo haijafikia hapo, itandaze kati ya mistari iwe matandazo. Itazuia matone ya mvua yasiugonge udongo na kuugandisha.

Iliyoiva usiimwage shamba zima. Mkoa wenu ndio asili ya mashimo ya Chololo, yaani mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua: kipenyo cha sentimita 22 hivi, kina 30, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mistari. Ekari moja huwa na mashimo karibu 7,500, na nusu kilo kwa kila shimo inafanya tani 3.7, kiasi ambacho lundo moja haliwezi kutoa. Anza na robo ekari. Katika ukame faida kubwa ya mboji ni kushika maji mzizini, hivyo ikusanye pale mzizi ulipo.

Mkulima wa Kongwa

Nawashukuru sana. Nitalivunja lundo wiki hii na kuchimba shimo chini ya mkwaju. Je, mchwa?

Mama Manyoni

Mchwa hufuata mabua makavu. Dumisha unyevu shimoni, ukague kila unapogeuza, na pembezoni mwa shimo weka majivu ya jikoni, lakini usiyachanganye kwa wingi ndani ya mboji.