Naomba ushauri: skrini ya IPS isiyong'aa au OLED?

Wakuu, naomba ushauri wa kompyuta mpakato ya inchi 14. Mchana itatumika barazani, kwenye kivuli chenye mwanga mkali, kwa kuandika na majedwali ya Excel. Usiku ni chumbani, taa hafifu, kusoma PDF na kuhariri picha kidogo.

Skrini za aina ya TN nimeshaziondoa: ukiinamisha kifuniko kidogo tu rangi zinageuka. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ni IPS (aina ya LCD, yenye taa nyuma ya skrini) yenye uso usioakisi, nukta 1920 kwa 1200, niti 400 (kipimo cha mwangaza), na inaonyesha asilimia 100 ya sRGB, wigo wa kawaida wa rangi. Za niti 250 na rangi za asilimia 45 ya NTSC (wigo mwingine wa kupimia rangi) sizitaki kabisa. Barazani herufi zinafifia, na wekundu kwenye picha unapauka.

Ya pili ni OLED (kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe), nukta 2880 kwa 1800, niti 400. Weusi wake ni weusi kweli, ila kioo kinaakisi kama kioo cha kujitazamia. Hofu kubwa ni usiku: nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, mara nyingi 240 kwa sekunde, na wengine huumwa kichwa. Dukani nitashusha mwanga hadi asilimia 20, niweke kamera ya simu kwenye kasi ya shata ya sekunde 1/1000, nione kama michirizi myeusi inatokea. Pia mstari wa chini wa Windows unaweza kuacha alama ya kudumu.

Mwenye OLED ya saa 8 kwa siku: macho yanastahimili? Na je, filamu ya kubandika ya kuzuia kuakisi inaharibu ukali wa herufi?