Mjadala: Utulivu wa Wajapani ni hulka au mazoezi?

Mtoa mada: Ardhi ikitetemeka Japani, dunia husifu foleni: watu wanangoja maji bila kusukumana. Tunaambiwa ndivyo walivyoumbwa. Nakataa. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipopiga, wanafunzi wa sekondari mjini Kamaishi walikimbilia mahali walipozoea kufanyia mazoezi ya kujiokoa na tsunami, yale mawimbi makubwa ya bahari yanayofuata tetemeko. Walipoona genge la kilima nyuma yake linaporomoka, wakapanda juu zaidi, wamewashika mikono wadogo wa shule ya msingi jirani. Wakapona. Hilo hufundishwa, halirithiwi.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, usiitupe hulka hivyo. Kungoja zamu kunaanzia nyumbani. Mazoezi yanaikuta nidhamu tayari. Ila nidhamu hiyo ina hatari yake. Shule ya msingi Okawa, Ishinomaki, siku hiyohiyo: watoto walipangwa uwanjani, wakahesabiwa, wakangoja. Karibu dakika 50, na kilima kiko nyuma ya shule! Mwongozo wao ulisema tu waende kwenye kiwanja kitupu au bustani ya karibu, bila kutaja ipi. Maji yakapanda na mto Kitakami. Wanafunzi 74 na walimu 10 wakapotea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Sendai ilisema uzembe ulitangulia siku yenyewe: shule na halmashauri hazikuurekebisha mwongozo ule.

Mchangiaji wa 2: Na mazoezi nayo huua yakifanyiwa pasipofaa. Hapohapo Kamaishi, eneo la Unosumai, watu walifanyia mazoezi kituo cha bondeni kwa sababu kilimani ni mbali kwa wazee. Hakikuwa kimbilio rasmi la tsunami. Siku ilipofika, miguu ikaenda ilikozoea. Zaidi ya 100 walifia humo.

Mchangiaji wa 3: Mbona nyumba hazitajwi? Tetemeko la Kobe, 1995, wengi walifunikwa na nyumba za mbao zenye mapaa mazito ya vigae, za kabla ya kanuni za ujenzi za 1981. Aliyelaliwa na paa, utulivu utamfaa nini? Kwanza nguzo na kuta, kisha kabati likazwe ukutani, ndipo tuzungumzie moyo.

Mtoa mada: Nakubali: mazoezi peke yake hayatoshi, mahali na mwongozo vikaguliwe. Kuhusu hulka bado napinga. Baada ya tetemeko la Kanto, 1923, ulizuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na raia wakawaua wengi wasio na hatia. Ni watu haohao, nchi hiyohiyo. Tarehe ya tetemeko lile, 1 Septemba, ndiyo siku ambayo leo Japani nzima hufanya mazoezi.