Naomba kusaidiwa kumtambua samaki mwenye meno niliyemvua Pangani

Ndugu wanajamii, habari za jioni. Naishi Moshi, na Jumamosi iliyopita, nikivua kwa mshipi karibu na mlango wa mto Pangani, nilinasa samaki ambaye sijawahi kumwona.

Ana urefu wa takribani sentimita 70, mwembamba na bapa ubavuni kama upanga, rangi ya fedha, mgongo wa kibuluu. Mdomo umeelekea juu, na katika taya la juu yamechomoza mbele meno mawili makali yaliyokata kabisa mshipi wangu wa kwanza. Nilidhani ni mzia, lakini mzia ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, ilhali huyu ana moja tu dogo, lililo nyuma karibu na mkia. Wauza samaki wa hapa sokoni, waliozoea perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, hawakumtambua. Mvuvi mmoja kule pwani alitaja samaki aitwaye mkonge, ila hakuwa na hakika.

Samaki bado yumo kwenye friza, maana sithubutu kuwapikia watoto kitu nisichokijua. Je, kwa maelezo haya ni mkonge kweli? Na kama ndiye, miiba yake huondolewaje kabla ya kupikwa?