Tupeane uzoefu: maisha ya mtunzi wa simulizi za mapenzi hapa Dar

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wetu sisi tunaoishi na simulizi za mapenzi: watunzi, wasomaji, wauza vitabu, hata nyie mnaosoma shuka likiwa limefunika simu. Wapo wanaoiona kazi hii ya kupotezea muda. Mimi ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba hapa Tabata, na naiheshimu.

Natunga kwenye simu, watoto wakishalala. Sehemu za mwanzo naziweka bure Facebook, zinazofuata mtu analipia kwa simu halafu namwingiza kwenye grupu la WhatsApp. Nikichelewa kurusha, grupu zima linalia arosto. "Dada mtunzi, tupia hata nusu." Kuna aliyeniandikia saa nane usiku kwamba hawezi kulala mpaka ajue kama barua imefika.

Ninachotaka kusema ni kwamba msomaji wa Dar anaujua mji wake, na ukitaka akuamini kwenye mapenzi, mpe kwanza mji wa kweli. Kwa miaka mingi wapenzi wa kwenye simulizi zetu waliagana Ubungo. Stendi ya mikoani ilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, machozi nayo yakahamia Mbezi. Kisha ikaja treni ya umeme mwaka 2024. Zamani mume akiaga anakwenda Dodoma, mtunzi ulikuwa na siku nzima ya basi ya kupanga mambo. Sasa anakula mchana Dodoma, giza likiingia yuko mlangoni kwake Segerea. Fumanizi limebadilika. Kungojeana kumebadilika pia, na kungojeana ndiko kunakobeba simulizi ya mapenzi. Ndiyo maana siku hizi nawapandisha sana pantoni ya Kigamboni. Pale hata mwenye haraka lazima asimame ubavuni mwa mtu asiyemjua, anaangalia maji, na neno la kwanza linaweza kutoka bila kulazimishwa.

Haya, wa kwenu?

Mdau wa Tandika

Dada, asante kwa uzi. Mimi ni mke wa mtu na naishi na mama mkwe. Hakujua kama naandika mpaka binti wa jirani alipomsomea simulizi yangu barazani. Jioni akaniita chumbani kwake.

"Mwanangu, huyu mkwe mkorofi ni mimi?"

"Hapana mama. Wewe ungekuwemo, yule binti asingelia hivyo."

Akanyamaza. Kesho yake ndiye aliyemfuata binti wa jirani, asomewe kinachoendelea.

Siku hizi namsomea yeye kwanza kabla sijarusha. Ni Mzaramo wa Kisarawe, ameshachezesha wali wengi wa unyago, na anayonifundisha sijayakuta kwenye kitabu. Kuna mahali binti alikuwa anamjibu shangazi yake mambo ya chumbani. Mama akanikatiza: "Hayo hasemi yeye, yanasemwa na kungwi wake." Nikamwingiza kungwi. Wasomaji wamempenda kungwi kuliko bwana harusi, na nusu ya ujumbe ninaopata sasa ni wanawake wanaouliza kungwi angewashauri nini kwenye ndoa zao. Hapo ndipo ninapoogopa. Mtu anaweka maisha yake mkononi mwako kwa sababu umeandika vizuri. Nikiona jambo ni la kipigo simjibu kwa maneno matamu, namwambia aende dawati la jinsia polisi, na namuuliza tena kesho yake kama amekwenda.

Mdau wa Magomeni

Mimi ni wa enzi za magazeti ya hadithi za mfululizo. Barua zilikuja kwa sanduku la posta, wengine wanaweka na picha zao ndani. Mhariri alikuwa anakupa nafasi yako, ikijaa anakata, hata kama wapenzi wako ndio kwanza wameshikana mikono. Ndiko nilikojifunza kumalizia palipo pa moto. Barua zote ninazo kwenye sanduku la bati.

Mdau wa Temeke, msomaji

Jamani mimi si mtunzi, ni mkunga. Nasoma zamu ya usiku kukiwa kimya. Nimelipia simulizi ya mtunzi mmoja, simtaji, akafika pazuri akapotea. Grupu likafungwa. Sidai hela, ni elfu mbili tu. Yule binti aliachwa leba, na uchungu umeshaanza, na mwanaume hajafika. Najua ni mtu wa kutungwa. Lakini kwa kazi yangu, mama akiachwa leba mimi situlii. Watunzi, kama mmechoka tuambieni, tutawasubiri. Msituache hapo.

Mdau wa Mabibo

Mkunga umenigusa sana.

Langu ni la wizi. Nilipanda daladala ya kwenda Kariakoo, dereva kafungulia simulizi ya YouTube kwenye redio ya gari. Sauti nzuri kabisa. Sentensi ya pili nikajua ni yangu, hadi jina la mbwa. Mwisho likatajwa jina la mtunzi, si langu. Nilishuka kabla ya kituo changu.

Walioniokoa ni watunzi wenzangu, watu ambao kwa kawaida tunagombania wasomaji walewale. Kila mmoja aliyekuwa na simulizi ile kwenye simu yake alituma picha ya skrini yenye tarehe. Ushahidi ulikuwa mwingi, mwenye chaneli akaishusha mwenyewe. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu siku unayoandika, na haki inabaki kwa warithi wako miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si sharti la kuipata, ila siku ya kubishana unakuwa na karatasi mkononi.

Baadaye yule msomaji wa sauti alinipigia: "Kaka, mimi nililetewa tu nisome. Naomba tufanye kazi." Tunafanya hadi leo, jina langu analitaja mwanzo na mwisho.

Mdau wa Kinondoni

Mimi nimetoka kwenye simu nikaingia kwenye karatasi. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nilichukua Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi. Uchapaji ndio unaoumiza, maana mchapaji hataki nakala chache. Nauza kwa mkono, na nimeweka kwa wauza vitabu wa Posta. Mjue Januari shule zikifungua meza zote zinakuwa za vitabu vya kiada, riwaya inashushwa chini. Pelekeni mwezi wa sita.

Na msiogope Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na riwaya imo. Mapenzi nayo ni riwaya.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote. Mkunga, nitumie inboksi jina la simulizi hiyo. Watunzi tunafahamiana, nitamtafuta. Kama anaumwa au simu yake imeibiwa na kila kitu kimo humo, nitamwomba ruhusa niimalizie kwa jina lake mwenyewe. Na wewe nitakuomba unisomee kabla ya kurusha, mambo ya leba yakae sawa.

Wa Kigamboni, Gongo la Mboto na Bunju, bado hatujawasikia.