Kitabu cha mchunga kondoo kinasifiwa kupita kiasi? Wasomaji wa Mwanza tujadili

Mdau wa Mabatini
Wadau, naomba tujadili bila matusi. Kitabu ni The Alchemist cha Paulo Coelho. Hapa mjini hakuna semina ya ujasiriamali isiyokitaja, na ukisema hukukipenda unaonekana huna ndoto. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 80, nakala zimeuzwa makumi ya mamilioni. Nimekisoma mwanzo mwisho na sijakiona hicho kinachosifiwa. Kijana mchunga kondoo wa Andalusia, Hispania, anaota kuna hazina kwenye piramidi za Misri. Anauza kondoo, anavuka kwenda Tangier, Morocco, anaibiwa, anafanya kazi kwenye duka la vyombo vya kioo, anakata jangwa, anafika, anapigwa, ndipo anagundua hazina iko kwenye lile kanisa bovu alilokuwa akilala na kondoo wake. Kila anayekutana naye njiani anampa hotuba. Mle ndani hakuna mtu anayeongea kama mtu, wote wanaongea kama maandishi ya kalenda ya ukutani. Na lile fundisho kwamba ukikitaka kitu kwa dhati ulimwengu wote unakuunga mkono, ndilo linanikera kuliko yote, kwa sababu aliyeshindwa anaambiwa hakutaka vya kutosha. Ndiyo maana wanaokishangilia ni wale wauza dagaa wa Kirumba wanaotaka utajiri wa kesho asubuhi. Nani anakitetea, na kwa hoja gani?

Nahodha wa Igombe
Mkuu, ya Andalusia nakuachia. Hapo kwenye dagaa ndipo tukae.

Utajiri wa kesho asubuhi unaujua wewe? Dagaa anavuliwa usiku wa giza. Mnatoka jua likizama, mnawasha taa, mnasubiri wakusanyike, mnavuta wavu kwa mikono mpaka kunakucha. Mnarudi mwaloni, inatolewa kwanza gharama ya mafuta na chakula, tajiri mwenye mtumbwi anachukua chake, kinachobaki ndiyo mnagawana. Kuna usiku mnagawana ndoo mbili tatu watu wanne. Sasa wewe umekaa Mabatini unaandika kwamba tunataka vya bure.

Kijana wa Makoroboi
Nahodha umemjibu vizuri. Mleta mada, wewe ni wale wasomi ambao kitu kikipendwa na watu wengi tayari kwenu ni kibaya. Huyo Mhispania aliandika kitabu, mchapishaji wake wa kwanza akatoa nakala 900 tu, akamwambia hakiuziki, akamrudishia haki zake. Angekuwa wewe ungekata tamaa. Leo kiko dunia nzima. Hiyo peke yake inathibitisha kilichomo ndani.

Mama wa Buzuruga
Naomba nirudishe swali kwenye kitabu chenyewe. Mimi kuna mambo mawili. La kwanza ni Fatima, yule binti wa oasisi. Santiago, yule mchunga kondoo, anamkuta kisimani, anampenda, halafu binti mwenyewe ndiye anayeambiwa aseme kwamba yeye ni mwanamke wa jangwani, kazi yake kungoja. Mwanamume ana ndoto, mwanamke ana subira. Kitabu kizima kinasema kila mtu ana ndoto yake ya kufuata, isipokuwa huyo. La pili, mtu pekee mle ninayemwamini ni yule mwenye duka la vioo, ambaye maisha yake yote anatamani kwenda Makka na hathubutu kwenda, kwa sababu akishakwenda hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi. Huyo nimewahi kukutana naye. Mwandishi anampita haraka haraka kwa sababu hafai kwenye semina. Nani atanijibu la Fatima?

Mdau wa Mabatini
Nahodha, sikusema wavuvi, nilisema wauza dagaa. Soma vizuri.

Nahodha wa Igombe
Wauza dagaa ni mke wangu na dada zangu. Umezidi kuharibu.

Mwalimu Mstaafu
Kijana wa Makoroboi, Coelho ni Mbrazili. Kitabu kilitoka kwa Kireno mwaka 1988. Mhispania ni yule mchunga kondoo wa kwenye hadithi. Tusimtetee mtu tusiyemjua kwao.

Halafu, kwa wanaosifia ubunifu wake: kisa hicho kimo katika Alfu Lela Ulela. Mtu wa Baghdad amefilisika, anaota riziki yake iko Misri, Kairo. Anafunga safari, anafika, analala msikitini, anakamatwa pamoja na wezi na kuchapwa. Mkuu wa polisi anamuuliza kilichomleta. Anamweleza ndoto yake. Mkuu anacheka, anamwambia hata mimi naota kila mara kuna mali imezikwa Baghdad kwenye nyumba ya namna fulani, na sijawahi kuwa mjinga wa kwenda. Ile nyumba anayoieleza ni ya huyu huyu aliyechapwa. Anarudi, anachimba, anaipata. Kisa chote hakizidi kurasa mbili, hotuba hakuna hata moja, na mkuu wa polisi ni mtu kabisa, unamsikia anavyocheka.

Kijana wa Makoroboi
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo unasema ameiba? Hiyo ni tuhuma nzito. Sungura na fisi wamesimuliwa na bibi zetu wote, kuna bibi aliyemwibia mwenzake?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sikusema ameiba. Nimesema aliyemtangulia alisimulia vizuri zaidi na kwa maneno machache. Bibi anayejua kusimulia na asiyejua tunawatofautisha, ingawa fisi ni yule yule.

Mdau wa Mabatini
Asante mwalimu. Na kilichobaki ni kuuliza kwa nini tunabeba waandishi wa mbali wakati Kitereza tunaye hapo Ukerewe, mwendo wa meli tu.

Kijana wa Makoroboi
Ooh, nilijua atatajwa. Kitereza, kurasa zaidi ya 600. Kila msomi anamtaja na hakuna hata mmoja aliyemmaliza. Mle ni namna ya kujenga nyumba, namna ya kulima, namna ya kuagua, kurasa kwa kurasa. Kitabu kisichomalizika kinamsaidia nani? Angalau cha Coelho unakimaliza kabla daladala haijafika Buhongwa.

Binti Nansio
Mimi nimekimaliza. Kwa hiyo hilo la "hakuna hata mmoja" lifute.

Na ulivyolitaja jina hilo kwa dharau umenichefua, nitaandika kirefu. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwetu. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Ikabidi akiwa mzee akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa zote hizo unazozidharau. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Yeye akafariki 1981. Miaka 35 kutoka kumaliza kuandika mpaka kuchapwa. Sasa wewe na semina zako niambieni: huyu mzee hakutaka kwa dhati? Ulimwengu wote wa kumuunga mkono ulikuwa wapi miaka 35? Nakala 900 za Mbrazili unaziita ushahidi wa ukweli wa kitabu chake. Basi na muswada uliokaa kisiwani Ukerewe ni ushahidi wa nini?

Mama wa Buzuruga
Hapo Binti umesema.

Kijana wa Makoroboi
Dada, sikumdharau mzee, nimesema kitabu kirefu. Lakini si kimetoka hatimaye? Alivumilia, kikatoka. Unathibitisha ninachosema.

Binti Nansio
Kaka, mtu akifikishiwa chakula siku ya maziko yake utasema alikula?

Mdau wa Mabatini
Na niongeze. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mle ndani kulikuwa na mamia ya watu. Kila mmoja alikuwa anataka kwa dhati kabisa kufika. Mtu akiniambia ulimwengu unampa kila anayetaka, nampeleka kwenye makaburi ya Igoma akawaelezee wale.

Nahodha wa Igombe
Hapana mkuu. Hapo tena umepitiliza. Marehemu hawaingizwi kwenye ubishi wa vitabu. Watu wana ndugu zao pale.

Mdau wa Mabatini
Mimi pia nina ndugu pale. Ndiyo maana fundisho hilo linaniuma. Silisemi kushinda ubishi.

Nahodha wa Igombe
Pole ndugu yangu. Sikujua. Mungu awarehemu.

Ila nikueleze nilivyokisoma mimi, maana umeuliza hoja. Siku za mbalamwezi dagaa hatutoki, mwanga wa mwezi unamtawanya, hakusanyiki kwenye taa. Kwa hiyo kambini mnakaa. Wengine wanashona nyavu, wengine karata, wengine ndiyo pombe. Mwenzetu mmoja alikuja kisiwani na hicho kitabu, gamba limeshatoka, kurasa zimevimba maji. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, tulikuwa tunasoma wawili, yeye anafasiri. Zile hotuba mnazozisema tulikuwa tunaziruka. Tulikuwa tunataka kujua yule aliyemwibia Tangier atakamatwa au la. Hakukamatwa. Santiago akaenda kuosha vioo dukani kwa mtu. Mwenzangu akafunga kitabu akasema huyu ni sisi, tumedhulumiwa na tajiri wa kwanza tukaja kuanza upya kwa tajiri wa pili. Nilichokipenda ni hicho. Hakuna aliyetajirika pale kambini.

Mwalimu Mstaafu
Nahodha, hayo uliyoandika ni uhakiki. Napenda ubaki nayo.

Mtu wa Pasiansi
Nimesoma yote nimeona niseme. Wote mnabishana kuhusu uandishi, mimi nina kesi. Mdogo wangu alihudhuria semina moja hapa mjini, wakawasomea vipande vya kitabu hicho, wakaambiwa "uza kondoo zako". Alikuwa na nyavu na sehemu yake kwenye injini ya boti. Aliuza vyote kwenda kufuata ndoto ya biashara ambayo mwenye semina ndiye alikuwa anaiuza. Leo anavulia mtu mwingine. Ukimuuliza, hamlaumu mwenye semina, anajilaumu yeye kwamba aliingiwa na woga. Mdau wa Mabatini ulichosema mwanzo kuhusu walioshindwa, mimi ninakiona mezani kila tukila.

Kijana wa Makoroboi
Pole kaka. Lakini huyo ametapeliwa. Kosa la tapeli lisibebwe na kitabu. Watu wanatapeliwa hata kwa Biblia na Kurani.

Mtu wa Pasiansi
Kweli. Lakini kitabu kingine chochote kisingemrahisishia tapeli kazi hivyo. Sura yenyewe iko tayari: kuna mzee anajiita mfalme, anakuambia nipe sehemu ya kumi ya kondoo wako nikuonyeshe njia ya hazina. Na kwenye hadithi yule mzee ni mkweli! Msomaji anafundishwa kwamba anayekudai malipo kabla ya kazi ndiye wa kumwamini.

Kijana wa Makoroboi
Hapo sina jibu la haraka. Ila bado nasema kimenitoa mahali. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani, sina hamu ya kutoka hata nje ya geti. Nilikisoma nikaamka nikaenda Makoroboi kuomba kibanda. Mnataka nikikane?

Mama wa Buzuruga
Hakuna aliyekuambia ukikane, mwanangu. Lakini mnaona? Swali la Fatima halijajibiwa na mwanamume hata mmoja tangu nimeliuliza. Mmejibu dagaa, mmejibu meli, mmejibu semina.

Binti Nansio
Mama, mimi nikusaidie kwa Kitereza. Bugonoka hazai, ndugu wa mume wanamsema vibaya, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hakai kungojewa na hamwambii mkewe angoje. Nyumba inamshinda, anafunga safari mwenyewe kwenda ukweni kuomba, anapangiwa pombe ya ndizi kama faini, anahangaika kuitengeneza. Hazina ya mle ndani ni mke, na mwanamume ndiye anayesafiri kumfuata. Wakati huo wote Bugonoka ni mtu, anaongea, anakasirika. Ndiyo sababu nilivumilia kurasa za kujenga nyumba. Unakuwa unajua nyumba inayogombewa ilijengwaje.

Nahodha wa Igombe
Mama, shikamoo. Nilikaa kimya kwa hilo kwa sababu nilikuwa naliwaza. Mke wangu hangoji. Nikiwa ziwani yeye yuko mwaloni tangu alfajiri, mtumbwi ukigusa mchanga anajitwika ndoo kichwani, anawahi kuanika kwenye chanja kabla jua halijawa kali, jioni anapatana bei na watu wa malori. Nikirudi nimelala, yeye bado anageuza dagaa. Pesa ya mtumbwi wetu mdogo ilitoka kwake. Sasa nikikumbuka yule binti kisimani naona kweli mwandishi hakumpa kazi.

Mama wa Buzuruga
Marahaba. Basi umekubali ukurasa ule ni wa uongo.

Nahodha wa Igombe
Sijakubali. Kuna usiku upepo ukivuma kutoka Ukerewe, taa zetu hazionekani, na siku hizo anangoja. Anasimama pale pale mwaloni na wanawake wengine. Mwandishi alichosahau ni kusema anangoja huku mikono imejaa.

Mdau wa Mabatini
Nahodha, neno la wauza dagaa naliondoa. Msimamo wangu kuhusu kitabu uko pale pale.

Nahodha wa Igombe
Sawa. Na dagaa wa Kirumba ukienda kununua, chukua wa chanja, wa mchangani watakuvunja meno. Binti Nansio, hicho cha Kitereza kinapatikana wapi hapa mjini? Mbalamwezi inakaribia.