Mkonga unavuja mafuta tairi za mbele: sili tu, seti nzima, au ekseli ya mtumba?

mkonga75

Wakuu, salamu kwenu. Nina Land Cruiser HZJ75 pickup, hii tunayoiita Mkonga, ya mwaka 1993, injini 1HZ lita 4.2, springi za majani mbele na nyuma, fri habu (vifungo vya kuunganisha tairi za mbele na ekseli) za kuzungusha kwa mkono. Nipo Mto wa Mbu. Gari linabeba vitunguu na mahindi kutoka upande wa Engaruka, kwa hiyo vumbi na mawe ndiyo maisha yake ya kila wiki.

Tangu mwezi uliopita nikivua tairi la mbele kushoto nakuta rimu imepakaa mafuta meusi kwa ndani. Lile tufe la chuma nyuma ya tairi, ambalo bakuli la usukani linazunguka juu yake, limelowa mpaka linadondosha. Kulia kuna unyevu kidogo tu. Halafu nikifika kama 60 kwenye barabara yenye mikunjo usukani unachezacheza mkononi, nikipunguza mwendo unatulia.

Nimeuliza watu watatu, nimepewa njia tatu. Fundi wa kwanza anataka kubadili sili za nje (pete za kuzuia mafuta yasitoke) bila kufumua, anasema ataikata sili aipitishe, kazi ya nusu siku. Wa pili anasema tufumue pande zote mbili: sili za ndani na nje, beringi za juu na chini, gasketi, kila kitu. Rafiki yangu ananishauri nitafute ekseli nzima ya mtumba niifunge.

Mimi nashika spana. Oili, filta, breki pedi, busi za springi na shokapu nafanya mwenyewe nyumbani chini ya mwembe. Hii nayo ningependa niifanye kwa mkono wangu kama inawezekana. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

songea_dizeli

Sili za nje mkuu, usijitese. Mimi nimeshabadili mara tatu kwa njia hiyo hiyo ya kuikata na gari linatembea.

mkonga75

Asante mkuu. Mara tatu kwa muda gani?

songea_dizeli

Kama miaka miwili hivi.

spana_iringa

Ndugu yangu wa Songea, mara tatu kwa miaka miwili maana yake hujatibu, unafuta damu. Nisamehe kusema hivyo, lakini nimefumua hizi ekseli miaka mingi na nimeona sili za nje zikilaumiwa kwa kosa lisilo lao.

Mkonga75, kabla hujanunua chochote jua kwanza ni mafuta gani yanatoka. Ile sili ya nje, lile pete la mpira na la sufi linalofuta tufe, kazi yake ni kuzuia vumbi na maji yasiingie na kushikilia grisi nzito isitoke. Haikuundwa kuzuia oili nyepesi. Mwenye kazi hiyo ni sili ya ndani, iliyokaa mwisho wa bomba la ekseli na kuikumbatia shafti. Ikichoka, oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inatembea na shafti mpaka kwenye bakuli, inachanganyika na grisi, grisi inakuwa uji, uji unapita sili ya nje.

Chota kidogo kwa kidole. Ikiwa bado ni nzito, nyeusi, inavutika, basi sili ya nje imekwisha na hapo fundi wa kwanza ana hoja. Ikiwa inateleza kama uji wa mtoto na ukiinusa ina ile harufu kali ya oili ya difu, kama kiberiti, sili ya ndani imekufa, na hakuna namna ya kuifikia bila kufumua. Halafu fungua nati ya kujazia difu ya mbele uone kama oili imepungua. Viwili hivyo vikikubaliana, hukumu imetoka.

Jambo la pili ni ule mtetemo. Piga jeki tairi liachie ardhi, liwekee stendi, lishike juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, usukume tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki vile vile, ni beringi za bakuli, ile ya juu na ya chini. Zile hazizungushwi kama za tairi, zinakaa sehemu moja zikipigwa na barabara, mwisho rola zinachimba vishimo kwenye njia yake. Ukizitoa utaviona kwa macho, vimepangana kama alama za meno.

Mambo haya mawili yameshikana. Beringi za bakuli zikilegea, kila kitu kinakaa upande, shafti inaikandamiza sili ya ndani upande mmoja na sili inaisha mapema. Ndiyo maana ukibadili sili ukaacha beringi zenye vishimo utarudi kule kule.

Na kitu cha bure kabisa ambacho watu wanakisahau: pumulio ya difu ya mbele. Difu ikipata moto hewa inapanuka, pumulio ikiziba hewa inatafuta njia nyingine, nayo ni kwenye sili. Ichomoe, ipulize. Bila hiyo hata sili mpya ya leo itavuja.

mkonga75

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka kuchota sasa hivi. Kushoto ni uji, na harufu ni hiyo uliyosema. Kulia bado ni grisi. Kuhusu kusukuma tairi nitafanya kesho nikipata mtu wa kukanyaga breki.

nairobi_4x4

Mzee wa Iringa amemaliza, mimi naongeza upande wa spea kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza pesa.

Mimi nimejaribu seti za aina tatu kwa gari langu na la shemeji. Ya kwanza kopi ya bei ya chini, kila kitu ndani ya pakiti moja, beringi hazina jina. Sili zilikuwa ngumu, ile midomo haipindi vizuri, na beringi nilizitoa baada ya mwaka zikiwa zimebadilika rangi. Ya pili orijino ya Toyota, haina maneno, ila bei yake inauma. Ya tatu ndiyo ninayotumia sasa: nanunua kwa vipande. Sili za ndani nachukua orijino, hapo sibani pesa hata kidogo. Beringi nachukua Koyo au NSK au NTN, hao ni Wajapani wenyewe wa beringi, lakini nunua kwa muuzaji unayemjua kwa sababu maboksi ya majina hayo yanaghushiwa sana. Sura ya boksi isikudanganye, angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Gasketi na sili za nje unaweza kuchukua za kati.

Kirinyaga Road unapata zote tatu kwenye duka moja, ukiuliza tu "ya Land Cruiser" utapewa ile ya kwanza. Taja unachotaka.

Halafu usiifungue habu kwa patasi na nyundo. Ile nati kubwa ni saizi 54. Soketi yake ni kama kikombe tu, haina gharama ya kutisha, na utaitumia miaka yote. Nati iliyogongwa na patasi haikazwi sawasawa tena, na vipande vya chuma vinaangukia kwenye beringi unayoitunza.

bahari_Muscat

Salamu ndugu zangu. Mimi ni wa Unguja ila nafanya kazi Muscat, na huku Land Cruiser za zamani zipo kila kona. Nataka kusema juu ya ekseli ya mtumba maana huku na Sharjah ndiko nyingi zinakotoka kwenda kwetu.

Ekseli nzima si wazo baya ikiwa ya kwako imepinda au tufe limeliwa na kutu. Kwa kuvuja tu, hapana. Kwanza unanunua sili zenye umri ule ule wa zako, zimekaa kavu juani, utazifumua vile vile. Pili, magari ya huku usukani uko kushoto, mikono ya usukani kwenye bakuli haitakaa upande wako, itabidi uhamishe ya kwako, na ukishafika kuihamisha umeshafumua nusu ya kazi.

Tatu ndiyo kubwa: meno ya difu. HZJ75 nyingi zina 4.11, yaani meno 37 kwa 9, lakini zipo zenye uwiano mwengine. Difu ya mbele ikitofautiana na ya nyuma, siku unaweka 4x4 kwenye ardhi ngumu gari linajifunga lenyewe. Pale dukani funga fri habu zote mbili, shika habu moja isisogee, zungusha ya pili raundi mbili kamili, hesabu raundi za flenji ya propela, pale shafti inayotoka kwenye gia boksi inapofungwa. Ikizunguka raundi nne na kidogo, ni 4.11. Muuzaji akikataa usijaribu, muache na ekseli yake.

duka_la_nyumbani_Arusha

Habari kaka zangu. Mimi nasimamia gari mbili za aina hii za familia, na nimeshafanya upande mmoja kwa fundi na mwingine mwenyewe na mdogo wangu, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Kwa fundi ilichukua siku moja. Sisi upande mmoja tu ulituchukua Jumamosi nzima na Jumapili asubuhi, na nusu ya muda huo ni kuosha. Hakuna aliyetuambia habari ya kuosha. Ile grisi ya zamani iko kila mahali, unahitaji mafuta ya taa, beseni mbili na matambara mengi kuliko unavyofikiri.

Lakini tulipofungua upande ule wa fundi baadaye tukakuta grisi ya kawaida ya kahawia imejazwa kwenye bakuli, na shimu, zile bati nyembamba zinazokaa kati ya bakuli na kifuniko au mkono unaoshika beringi, hazikurudishwa za juu juu na za chini chini. Upande wetu kila kitu kiliwekwa kwenye kopo lake lenye jina. Kaka, piga picha kila hatua na weka alama: kushoto juu, kushoto chini. Shimu ndizo zinazoweka bakuli katikati.

Mambo mawili yaliyotusumbua. Mikono ya bakuli imeshikwa na washa za koni, hazitoki kwa kuvuta. Weka fito ya shaba ugonge mkono kwa pembeni, zinaruka zenyewe. Na kaliper ya breki usiiache ining'inie na mpira wake, ifunge kwa waya kwenye springi.

spana_iringa

Dada wa Arusha amesema kweli tupu. Kwenye bakuli inaingia grisi nyeusi yenye moli (molibdenamu), jaza kama robo tatu usijaze pomoni. Kwenye beringi za tairi weka ya lithiamu ya beringi.

Mkonga75, sili ya ndani ikiwa mezani usikimbilie kuigonga. Itoe shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Mara nyingi utahisi mfereji mdogo uliochimbwa na sili ya zamani. Ukiona hivyo, ingiza sili mpya milimita moja au mbili tofauti na ilipokuwa ile ya kwanza ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima. Mdomo upake grisi. Na unaporudisha shafti, ibebe kwa mikono miwili iende sawa. Ukiiacha ilale, yale meno ya mwisho yanachana mdomo wa sili, hutajua mpaka umeshafunga kila kitu na oili imeanza kudondoka.

Jointi ya CV, ile inayopinda mwisho wa shafti ndani ya bakuli, ikiwa inalia ta-ta-ta ukikata kona ukiwa kwenye 4x4, kagua njia za gololi zake sita. Kama kuna makovu upande mmoja na pesa ya mpya haipo, jointi ya kushoto ihamishie kulia na ya kulia kushoto. Shafti zenyewe zinabaki pande zake maana urefu ni tofauti, unabadilishana jointi tu. Kwenda mbele itatumia upande ambao haujaliwa.

Ukishakaza beringi za bakuli, kabla hujarudisha shafti na sili za nje, funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, kwenye tundu la taidirodi, fito inayounganisha bakuli mbili za usukani, na uvute. Bakuli lisogee kwa uzito, sare toka kushoto mpaka kulia, lisianguke lenyewe. Kitabu cha gari kina kipimo chake, kifuate.

songea_dizeli

Mzee, na mimi nimekusikia. Nimechota ya kwangu leo, ni uji.

mkonga75

Wakuu, mrejesho. Niliposukuma tairi la kushoto mtu amekanyaga breki, mchezo ulibaki. Nikaamua kufumua. Spea nimechukua kama alivyosema ndugu wa Nairobi, sili za ndani orijino, beringi Koyo nilizosoma maandishi yake kwenye chuma mbele ya muuzaji. Soketi ya 54 nimenunua.

Beringi ya chini ilikuwa na vishimo kumi na kitu, vimepangana vizuri kabisa kama ulivyosema mzee. Ukiizungusha kwa kidole inashika, inaachia, inashika. Kwenye shafti ukucha ulikwama kwenye mfereji, nikaingiza sili milimita moja na nusu ndani zaidi. Shimu zilikuwa mbili juu na moja chini, zimerudi hivyo hivyo. Mizani nimeazima kwa mama anayeuza sato sokoni.

Pumulio ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa imezibwa na udongo mkavu, nyigu walijenga ndani. Nimeisafisha na nimeivutia mpira mpaka juu karibu na betri, mdomo unatazama chini.

Nimetembea kilomita 300 tangu hapo, mara mbili Engaruka na mzigo. Tufe la kushoto lina ule utando mwembamba wa grisi tu na vumbi halishiki. Usukani kwenye 60 umetulia, ingawa bado nausikia kidogo kwenye 75, na upande wa kulia sijaugusa. Beringi zake zimeshanunuliwa, ziko kwenye kopo lenye jina. Nasubiri Jumamosi ambayo hakuna vitunguu.